Pua ya Tanki la Kathimari

Rangi ilibaki nusu debe, na Wambeti hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu.

Wiki hiyo kiwanda cha chai cha Kathimari, kule juu ya Kibugu ambako mashamba yanagusana na msitu, kilikuwa kinangoja mgeni rasmi kutoka Nairobi. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na nyakati hizo mgeni rasmi hakuja hivi hivi tu. Alitanguliwa na rangi. Mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa. Miti ilipakwa chokaa hadi kiunoni, ikawa kama wanafunzi waliovishwa soksi. Mbwa wa bawabu alijilaza karibu na mawe kabla hayajakauka, akaamka na ubavu mweupe, na hakuna aliyejisumbua kumfuta kwa sababu alipendeza. Na kando ya nyumba ya boila, lile tanki kubwa la mafuta mazito meusi, yale yanayochomwa ili kupata mvuke wa kukaushia chai, lilipakwa rangi ya fedha likang'aa mpaka kunguru wakaliogopa.

Lote isipokuwa pua. Juu kabisa, kwenye paa la tanki, kulikuwa na bomba fupi lililopinda kama shingo ya bata anayetafuta kitu chini, na mdomoni mwake wavu mdogo wa waya. Fundi wa rangi alilikwepa, akakunja brashi zake, akaenda zake Embu mjini. Likabaki jeusi kwa masizi katikati ya fahari yote ile, kama kamasi kwenye uso wa bibi harusi.

Wambeti alikuwa mfagiaji, kibarua wa mwaka wa sita. Kila alipoinua macho kutoka kwenye ufagio, pua ile ilikuwa inamtazama. Alhamisi mchana, wanaume walipokuwa wameinamia sahani za githeri, alifunga gauni lake katikati ya miguu, akatia debe la rangi kwenye mkono kama kikapu, akapanda ngazi ya chuma. Alipanda kwa siri. Wazee wa huko hawapendi kumwona mwanamke juu ya paa, juu ya vichwa vya wanaume; hata nyumba za nyasi zilipoezekwa, mwanaume ndiye aliyekuwa juu na mwanamke alirusha nyasi kutoka chini. Akaipaka pua, akaupaka na wavu. Jioni akaona haijang'aa vya kutosha, akangoja watu waondoke, akarudia. Ijumaa adhuhuri, jua lilipokuwa kali, akachungulia kutoka kwenye ngazi akaona rangi ya pale kwenye wavu imefura lengelenge kubwa kama chapati kwenye kikaango. Akailaani rangi ya siku hizi. Akalitumbua lengelenge kwa kidole, likampulizia usoni pumzi ya joto yenye harufu ya mafuta, naye akapaka mara ya tatu, safari hii nzito, kama anayekandika ukuta.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuhusu matundu yaliyoachwa wazi makusudi, hawakusema neno.

Boila ilikuwa imezimwa tangu Jumatano ili isafishwe. Jumamosi saa tatu asubuhi ikawashwa tena, maana Meneja Thuranira alitaka mgeni aone moshi. Mtu aliyepewa kazi ya kuilinda asubuhi hiyo alikuwa Nyamu, mume wa Wambeti, ambaye kiwanda kizima kilimwita Baba Ruguru. Tanki lilikuwa lake na pampu ilikuwa yake. Alfajiri alipanda kupima mafuta kwa fimbo kama kila siku, ukungu ukiwa mzito hata hakuona vidole vyake, akakaza kifuniko cha kupimia kwa mkono wake wa kiume, akateremka kungoja saa ya kuwasha moto. Likiharibika lolote upande ule, lilikuwa juu ya kichwa chake.

Mgeni alifika saa nne. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu ambavyo havijawahi kukanyaga shamba. Meneja alikuwa ameamuru hema lisimamishwe pale pale kando ya tanki, ati kwa ajili ya kivuli, lakini kila mtu alijua ni kwa ajili ya ule mng'aro. Kabla ya hotuba mgeni akatembezwa, na Injinia Muriithi ndiye aliyeeleza. Wambeti alifuata nyuma na sinia la vikombe vya chai, amevaa gauni la kijani la kiwanda na kitambaa cheupe kichwani.

Muriithi alikuwa mwalimu kwa asili. Akaeleza kwamba tanki ni kama mtu, lazima lipumue. Pampu ikivuta mafuta kwenda kwenye boila, pale mafuta yalipokuwa panabaki nafasi, na nafasi hiyo lazima ijazwe na kitu. Basi hewa inaingia kwa lile bomba lililopinda. Jua likichoma, au lori likileta mafuta mapya, mvuke wa ndani unatoka kwa njia ile ile. Mgeni akauliza kama si hatari, hewa na mafuta kulala chumba kimoja. Injinia akafurahi kuulizwa. Kule Pwani alikojifunzia kazi, akasema, matanki ya mafuta ghafi yanayoshuka melini ni makubwa kuliko kanisa, na huko hewa hairuhusiwi kuingia ovyo. Mafuta hufunikwa kwa gesi isiyoshika moto. Kuna vali ya kuongeza gesi mafuta yakishuka na nyingine ya kuiachilia mafuta yakipanda, na mtu mzima analipwa kukodolea macho mshale usivuke mstari. Hapa Kathimari, kwa sababu mafuta yao ni mazito na si mepesi kushika moto, walitumia hewa ya Mlima Kenya. Mgeni akacheka, kwa hiyo kila mtu akacheka.

"Na likizibwa?" mgeni akauliza.

"Likizibwa, mheshimiwa, pampu haijui. Inaendelea kuvuta tu. Nililiona moja likikunjika kama kopo lililokanyagwa. Bomba la chini likakatika, mafuta yakateremka yakitafuta moto, na moto ulikuwa karibu. Wawili wa boila hawakutoka." Akainua mkono. "Lakini letu lina afya. Tazama, hata pua inang'aa."

Kutoka chini hungeweza kuona wavu. Uliona kung'aa tu.

Vikombe kwenye sinia la Wambeti vilianza kusemezana. Lile lengelenge. Ile pumzi ya joto usoni. Tanki lilikuwa likimwambia, naye akaliziba mdomo kwa brashi. Akatazama bomba la moshi: moshi ulikuwa unapanda vizuri, mnene, kama Meneja alivyotaka. Maana yake Nyamu alikuwa mle ndani, mgongo wake kwa tanki, na pampu ilikuwa imevuta kwa saa nzima na robo.

Mgeni akarudishwa hemani. Wambeti akabaki nyuma akilitazama tanki. Rangi ilikuwa kama kioo. Aliiona taswira yake mle, mama mfupi mwenye sinia. Halafu yule mama akarefuka. Akawa mrefu kama mlingoti, kiuno kikaingia ndani, na tanki likasema *ndu*, sauti moja nzito kama gunia linaloanguka kwenye chumba cha pili. Pale taswira ilipokuwa sasa palikuwa na bonde, si kubwa, upana wa ungo.

Alimwendea Ireri, mnyapara, aliyekuwa akipanga viti vya wazee. Akamwambia tanki linalia.

"Mama Ruguru, hilo ni jua. Chuma kikipata jua husema."

"Kinasema nini?"

"Kinasema peleka chai."

Angeweza kumwambia lote pale pale. Neno lilifika kwenye meno likasimama. Kusema pua imeziba kulikuwa rahisi. Kulikuwa na swali ambalo lingefuata, nalo lingeuliza ni nani aliyeiziba, na alipanda na nani, na kwa ruhusa ya nani, na mwenye tanki alikuwa wapi. Vibarua wawili, mume na mke, wangeteremka Kibugu na vikapu vyao kabla chai haijapoa. Akajiambia atamwambia Nyamu kwanza. Nyamu atazima pampu kimya kimya, na baadaye watajua la kufanya, kama watu wa nyumba moja.

Akalizunguka tanki upesi. Kati yake na nyumba ya boila kulikuwa na kamba, na kwenye kamba polisi aliyekuja na mgeni, kijana asiyejua mtu yeyote wa pale. Hakuna kupita mpaka mheshimiwa aondoke. Wambeti akasema mumewe yumo ndani. Polisi akasema vizuri, basi hatapotea. Wambeti akasema ana ujumbe wa haraka. Polisi akaangalia sinia, akachukua kikombe kimoja, akashukuru.

*Ndu.*

Safari hii sauti ilikuwa na mkia, mlio mwembamba wa chuma kinachokunwa. Wambeti alirudi mbio za mtu anayejifanya hakimbii. Hemani kila mtu alikuwa ameketi: wazee mbele, akina mama wa kwaya kulia, watoto wa shule kwenye nyasi, na wote, kila mmoja wao, mgongo wake ulikuwa umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye lile tumbo la fedha. Injinia alikuwa jukwaani. Wambeti akapanda jukwaa na sinia, akamwinamia sikioni.

"Injinia," akasema, "ile pua."

"Baadaye, mama."

"Baadaye hatutakuwa—"

Meneja Thuranira akakohoa. Mchungaji alikuwa amesimama. Tuombe. Injinia akafumba macho, akakunja mikono, na Wambeti akabaki ameinama na kikombe kama sanamu.

Mchungaji yule alijulikana hadi Kiritiri. Hakuomba, alisafiri. Alianza na nchi ya Kenya, akaja kwenye mkoa, akateremka kwenye wilaya, akaombea mvua ya wastani, majani ya chai, mikono inayoyachuma, wanunuzi wa ng'ambo ambao mioyo yao ni migumu. Alipofika kwenye gari la mgeni na magurudumu yake, tanki likasema tena, kubwa kuliko mara zote, na viti vya mbele vikatetemeka. Mchungaji akainua sauti. Alidhani amejibiwa.

Wambeti peke yake alikuwa na macho wazi. Aliona bonde la ungo limekuwa bonde la kitanda. Aliona bomba la chini, lile linaloelekea kwa Nyamu, limeinama kwenye maungio na kuanza kutoa jasho jeusi. Nyumba ya boila ilikuwa ng'ambo ya kamba, na kelele ndani yake za kumfanya mtu aeleze jambo mara tatu. Ngazi ilikuwa hatua kumi. Watu mia nne walikuwa wamefumba macho, wazee pamoja nao. Kama Mungu alitaka mwanamke apande paa bila kuonekana, hangeweza kupanga vizuri zaidi.

Akaweka sinia chini. Akafunga gauni katikati ya miguu. Akapanda.

Ngazi ilikuwa inatetemeka kwa ndani, kama ubavu wa ng'ombe anayezaa. Alipokanyaga paa likabonyea chini ya miguu yake kama kitanda kikuukuu, akapiga magoti ili asiteleze. Akaifikia pua kwanza. Akaikwaruza kwa kucha. Rangi ya mara ya tatu ilikuwa imekauka ngumu kama gamba la kobe. Ukucha mmoja ukavunjika, na kipande alichokitoa kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Akaiacha. Akatambaa hadi kwenye kifuniko cha kupimia. Kilikuwa na skrubu mbili zenye masikio, na Nyamu alikuwa amezikaza asubuhi kana kwamba anafunga lango la gereza. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minne ya ndoa, Wambeti aliulaani mkono ule. Akavua kiatu, akagonga sikio la kwanza. Likasogea. Akagonga tena.

Chini mchungaji akasema amina.

Watu mia nne wakafumbua macho, na kwa kuwa sauti ya kiatu kwenye chuma ilitoka mbinguni, watu mia nne wakatazama juu. Wazee waliinamisha macho kwa heshima. Wengine waliyainamisha polepole. Ireri alikuwa wa kwanza kupata sauti, akamwita kwa jina la bintiye, akamwomba ashuke, asiwaletee aibu mbele ya watu. Meneja akashika kipaza sauti, akakiachia, akakishika tena. Wambeti hakumtazama mtu. Skrubu ya pili ilikuwa imelegea, zote zilikuwa zimelegea, na kifuniko hakikutoka. Kilikuwa kimenyonywa. Alikivuta kwa mikono miwili kikabaki pale pale, kama mtoto aliyeng'ang'ania ziwa.

Fimbo ya kupimia ilikuwa imelazwa kando yake. Akaingiza ncha yake chini ya ukingo, akailalia kwa uzito wake wote, na kama kuna siku Wambeti alimshukuru Mungu kwa mapaja yake ilikuwa siku hiyo.

Kifuniko kilifunguka kwa yowe. Hewa iliingia ikipiga mluzi ambao watu wa Kibugu walisema waliusikia, ikamvua kitambaa chake cheupe kichwani na kukimeza, tup, kama mtu anavyomeza kidonge. Mluzi ukaendelea, ukaendelea, tanki likivuta pumzi kama aliyezuka kutoka mtoni. Halafu ukuta ulioingia ukatoka. *Dung!* Akina mama wa kwaya wakaruka viti. Walinzi wawili wakamlaza mgeni rasmi juu ya meza ya keki.

Injinia Muriithi alielewa kwa ule mluzi peke yake, bila kuambiwa. Alishaifikia kamba, alishampita polisi, akipiga kelele pampu izimwe. Moshi ukakatika. Baada ya kitambo Nyamu akatoka mlangoni, mweusi usoni, mzima, akipangusa mikono kwa kitambaa na kuuliza kuna nini. Wambeti alimwona kutoka juu, akavaa tena kiatu chake.

Meneja alipopata mtu wa kumgombeza, alimgombeza. Nyamu asimame hapo. Tanki si lake? Asubuhi hakupanda? Alipima nini, kama hakuona kwamba pua imezibwa kama chungu cha asali? Nyamu akajibu kwamba kulikuwa na ukungu, na lilikuwa jibu la kweli, na jibu la kweli likisemwa taratibu huonekana kama la uongo. Meneja akanyoosha mkono akidai funguo za boila. Pembeni watu walikuwa wameanza kumpigia Wambeti makofi. Mama wa kwaya mmoja alipiga vigelegele. Mgeni rasmi, keki begani, alikuwa anauliza jina la yule mama shujaa ili alitaje kwenye hotuba.

Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Angenyamaza tu, angekuwa shujaa, na Nyamu angekuwa mzembe, na jioni wangekula viazi vya shujaa na mzembe kwenye sahani moja.

"Meneja," akasema kutoka juu, "mwachie baba wa watu funguo zake. Rangi ni yangu."

Makofi yakapungua, moja moja.

"Nilipanda Alhamisi. Nikapanda jioni, nikapanda na Ijumaa. Hakunituma mtu. Yeye alikuta ukungu. Mimi nilikuwa na jua na macho mawili."

Nyamu alikuwa akimtazama. Funguo alizokuwa akimnyoshea Meneja akazirudisha mfukoni mwake.

Hapo Ireri akamwambia kwa upole kwamba basi ashuke. Wambeti akatazama ngazi, akatazama wanaume waliokusanyika chini yake, shingo zimekunjwa nyuma kama kuku wanaokunywa maji. Akasema hashuki. Akina baba wageuke kwanza. Mtu mmoja akacheka. Wambeti akaketi, akapanga gauni lake, akangoja kama anayengoja mvua iishe. Mwisho mzee mmoja wa mbele akageuka, fimbo yake mkononi, akatazama mashamba ya chai. Kisha wengine. Ireri akageuka. Mchungaji akageuka. Meneja akageuka kwa hasira. Mgeni rasmi aliuliza kinachoendelea, akaelezwa, akageuka na walinzi wake wawili, na kiwanda kizima cha Kathimari kikabaki kimeangalia mlima kimya, wakati miguu ya mwanamke ikihesabu vyuma nyuma yao.

Nyamu hakugeuka. Alikuwa ameishika ngazi.

Hotuba ilisomwa bila moshi. Injinia alikuwa amefungua wavu mwenyewe, akaugeuza mkononi mara nyingi, akamletea Wambeti beseni la mafuta ya taa na brashi ya waya. Boila haitawashwa mpaka kila tundu lionekane. Meneja alikuwa amesema neno moja tu, Jumatatu, saa mbili, ofisini, na hakusema ni mmoja atakayekuja au wawili.

Akakaa kwenye jiwe lililopakwa chokaa, nyuma ya tanki, akisugua. Upepo ulileta harufu ya nyama na sauti ya kwaya. Nyamu akaja akachuchumaa kando yake, akachukua kijiti, akaanza kutoboa matundu ya upande wa pili. Walifanya kazi muda mrefu.

"Mara tatu?" akasema Nyamu.

"Ya kwanza haikung'aa."

Wambeti akauinua wavu kwenye mwanga. Katikati bado palikuwa na fedha. Akauzamisha tena.